Si Sifa, Si Kilio: Insha ya Skolashipu ni Hesabu

Hapa Buffalo upepo wa Ziwa Erie umeshaanza kutukumbusha kuyatoa makoti kabatini.

Msimu wa maombi umefika tena. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Januari, simu yangu haitulii. "Kaka shikamoo, naomba unipitishie macho insha yangu, mwisho ni kesho kutwa." Mwingine hata salamu hana, anatuma insha yake na alama ya kuuliza basi. Nami nasoma. Uzamili nilisomea Louisville, kiangazi kimoja nikakaa Columbus kwa mafunzo ya kazi, na sasa nasukuma udaktari wa uhandisi hapa Buffalo. Katika miji yote mitatu, kibarua kisicho na mshahara nilichokifanya kwa muda mrefu kuliko vyote ni hiki cha kusoma insha za wenzetu wanaoomba skolashipu. Nimeona niyaweke kwenye jarida letu yale niliyoyaokota humo, ili hata yule ambaye hana namba yangu naye apate.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa mabomba na pampu, si mtu wa fasihi. Anayetafuta maneno matamu aende kwa wenzetu wanaosomea lugha. Ninachoweza kueleza ni jinsi kitu kinavyofanya kazi na mahali kinapovuja.

Na insha zetu nyingi zinavuja mahali pale pale. Waandishi wake wana akili, alama zao nzuri, Kiingereza chao hakina tatizo. Lakini wakifika kwenye lile swali la "tueleze habari zako", mambo yanaharibika kwa njia mbili. Wengine wanaanza kupiga ngoma ya sifa: mimi ni kiongozi wa kuzaliwa, mimi nina shauku kubwa, mimi nitaibadilisha Afrika. Wengine wanafungua msiba: tulilala njaa, tulitembea kilomita kumi kwenda shule, baba alifariki, mama aliuza vitumbua. Mara nyingi ni mtu yule yule, ukurasa wa kwanza kilio, ukurasa wa pili sifa.

Sababu yake naielewa, maana nami nimelelewa huko huko. Tumefundishwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayejitaja taja mbele ya wakubwa hana adabu. Sasa mtu wa namna hiyo, aliyezoea kusema "tunamshukuru Mungu" hata akiwa wa kwanza darasani, leo anaambiwa ajieleze kwa maneno mia tano mbele ya watu asiowajua. Anaazima sauti ya Wamarekani aliyoisikia kwenye runinga, au anajificha nyuma ya shida zake, kwa kuwa kusimulia shida angalau si kujisifu.

Lakini hebu tukumbuke, nyumbani ipo sauti ya tatu. Ni sauti ya mweka hazina. Kamati ya harusi ikimaliza kazi, au chama cha akina mama kikifunga mwaka, au harambee ya kumpeleka mgonjwa hospitali ikiisha, mtu mmoja anasimama na daftari. Anasema: nilipokea kiasi hiki, nikanunua hiki na hiki, tumepungukiwa hapa, na tukipata nyongeza tutamalizia hivi. Hakuna anayemwambia anajisifu. Hakuna anayemwambia analia. Akinyamaza, ndipo watu wanapoanza kunong'ona. Kwetu kujisifu ni aibu, lakini kutoa hesabu ni uungwana.

Insha ya skolashipu ni hesabu ya namna hiyo. Ina maswali manne tu: Ulipewa nini? Ulikifanyia nini? Umepungukiwa nini? Ukiongezewa, utafanya nini nacho? Mengine yote ni maua ya mezani. Ngoja nieleze kwa mifano, mji mmoja mmoja.

Louisville: shida iwekwe mahali pake

Louisville ni mji wa Muhammad Ali, na tangu 2019 uwanja wake wa ndege unaitwa kwa jina lake. Hapo hapo uwanjani ndipo ilipo Worldport, kituo kikubwa cha UPS cha kuchambua mizigo. Sisi tulioko majuu tukisema "kubeba boksi" huwa tunatania kuhusu kibarua chochote. Louisville hakuna utani, ni boksi kweli. Mwaka 1998 ulianzishwa huko mpango uitwao Metropolitan College, ambao mwanafunzi mkazi wa Kentucky anafanya zamu ya usiku kwenye mizigo naye analipiwa ada ya chuo. Asubuhi unamkuta darasani macho mekundu, lakini ada imelipwa.

Binti mmoja wa Kikongo alikuwa anafanya zamu hizo za usiku. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ile iliyofunguliwa 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita, akaja Kentucky na wazazi wake akiwa na miaka 12. Alitaka skolashipu ya kusomea uhandisi wa viwanda. Mshauri mmoja alimwambia maneno ambayo wengi wetu tumeambiwa: "Andika habari za kambi. Wanapenda hadithi kama hizo."

Akaandika. Nilimkuta jikoni kwao, mama yake anapika sombe, sisi tunaita kisamvu, na rasimu iko mezani. Mahema, matope, foleni ya unga, mdogo wake aliyeugua malaria. Yote ya kweli. Nikamwuliza mwenyewe anaionaje. Akajibu kwa sauti ya chini ili mama asisikie:

"Kaka, kambi sikuijenga mimi. Humu ndani hakuna kitu hata kimoja nilichofanya mimi. Na mama akija kuisoma siku moja, atajua nimemuuza."

Jamani, neno hilo lilinikaa. Hatukulijibu usiku ule. Nikamwuliza swali jingine: toka mmefika hapa, nani anakutegemea, na kwa kitu gani? Akacheka. Akasema hakuna cha maana, ni ile ratiba ya magari tu.

Ratiba gani? Kanisani kwao kulikuwa na kina mama 9, wajawazito na wenye watoto wachanga, hawana gari wala Kiingereza, na kliniki iko mbali. Watu wenye magari walikuwa 4, kila mmoja na zamu yake ya kazi. Akina mama walikuwa wakikosa miadi karibu kila wiki. Binti huyu, akiwa na miaka 16, alichukua kalenda ya ukutani, akaigeuza nyuma, akachora jedwali: nani ana mapumziko lini, nani ana miadi lini, miadi gani inaweza kusogezwa na ipi haisogezeki. Yeye ndiye alikuwa akipiga simu kliniki kuisogeza. Baada ya miezi michache, miadi iliyokosewa ikawa mmoja kwa mwezi, na mwezi mwingine hakuna.

Sasa huyo anaomba kusomea uhandisi wa viwanda! Kupanga magari machache kwa safari nyingi ndiyo kazi yenyewe, kuna watu wanaandikia tasnifu. Alikuwa ameifanya miaka mitatu nyuma ya kalenda, na kwenye insha hakuitaja hata kwa nusu mstari.

Insha ikaandikwa upya. Kambi haikufutwa, kwa sababu ni kweli na ni yake. Ilibaki sentensi moja: kwamba alizaliwa mahali ambapo kila kitu kilikuwa na foleni, na huko ndiko alikoanza kujiuliza foleni hupangwaje. Mama akasomewa yote, akauliza tu kwa nini jina la kanisa halikuandikwa. Binti alipata nusu ya ada, na nyingine akaendelea kuitafuta kwa boksi.

Kwa hiyo shida sisemi ifichwe. Shida ni ule mstari wa kwanza wa daftari, pale mweka hazina anaposema alianza na kiasi gani. Bila mstari huo hesabu haieleweki, maana aliyeanza na elfu kumi si sawa na aliyeanza na milioni. Lakini mstari wa kwanza haujazi daftari zima. Injinia hapewi kazi kwa sababu mzigo ulikuwa mzito, anapewa kwa sababu ya daraja lililoubeba.

Columbus: "sisi" na "mimi"

Columbus ni habari nyingine. Wasomali ni wengi mno pale, na wengi wao walipitia Kenya, kiasi kwamba dukani Cleveland Avenue unaweza kununua unga na majani ya chai kwa Kiswahili ukasahau kwamba uko Ohio. Kiangazi nilichokaa huko niliishi na Mkenya mmoja wa Kitui, aliyekuwa anaomba ufadhili wa uzamili katika mambo ya maji.

Insha yake ilikuwa ya Kiingereza lakini ilifikiriwa kwa Kikamba. Nilichukua kalamu, nikazungushia duara kila penye "sisi". Duara 17. "Mimi" ilikuwa moja tu, kwenye "nilizaliwa".

Tulijenga bwawa la mchanga. Tulihamasisha jamii. Tulipata maji. Nikamwuliza, ndugu yangu, wewe ulifanya nini? Akawa mkali kidogo.

"We Mtanzania, unataka niseme nilijenga bwawa peke yangu? Ile ni mwethya, ni kazi ya watu. Akina mama walibeba mawe kunishinda mimi. Niandike 'nilijenga', halafu nyumbani wasikie, nitaweka wapi uso?"

Na alikuwa sahihi kabisa. Angeandika "nilijenga" angekuwa mwongo. Lakini kamati iliyoko mbali haiwezi kumpa "sisi" skolashipu. Inampa mtu mmoja, na inataka kujua huyo mmoja akiondolewa kwenye hadithi, nini kingekosekana.

Kwa wasiojua, bwawa la mchanga ni ukuta unaojengwa kukatiza mto wa msimu, mito ile ya Ukambani ambayo mvua ikiisha inabaki mchanga mtupu. Mvua zikija, maji yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe zake ambako jua haliyafikii. Kiangazi watu wanachimba kidogo au wanatumia pampu, wanateka. Siri yake ni kwamba ukuta lazima ukae juu ya mwamba. Ukikosa mwamba, maji yanapita chini na kazi yote ni bure.

Basi nikamwuliza: siku hizo za ujenzi, mkononi ulikuwa umeshika nini? Akasema, chuma. Chuma gani? Kumbe ndiye aliyekuwa akikipigilia chuma kwenye mchanga, hatua kwa hatua, kutafuta mwamba uko kina gani. Alipima sehemu 22. Mahali wazee walipopachagua mwamba ulikuwa chini mno. Alikaa nao jioni mbili, kijana mdogo mbele ya wazee, akiwaonyesha vipimo kwenye daftari la shule, mpaka wakakubali ukuta usogezwe hatua 60 kuelekea juu ya mto.

Nikamwambia andika hivyo hivyo. Wanakikundi 40 walijenga ukuta. Mimi nilipima mwamba katika sehemu 22, na vipimo hivyo ndivyo vilivyowafanya wazee wauhamishe. "Wao" wamepewa haki yao, "mimi" imepewa yake, hakuna aliyeibiwa. Hata ikisomwa Kitui sokoni, wale akina mama watasema ndiyo, yule kijana wa chuma tunamkumbuka. Hicho ndicho kipimo changu mpaka leo: je, insha hii ikisomwa mbele ya watu tuliofanya nao kazi, wataitikia au watakohoa?

Waliotutangulia

Mambo haya hayakuanza na sisi. Mwaka 1959 Tom Mboya, akisaidiwa na wenzake kama Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, alipeleka Marekani kwa ndege moja wanafunzi 81. Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000, na wengi zaidi wakasafiri. Walikuwa wameandika barua kwenda vyuo wasivyovijua, nafasi zikapatikana, na huko vijijini watu wakachanga ili mtoto wao aondoke na chochote mfukoni. Mtu aliyechangiwa na kijiji kizima hana haja ya kufundishwa maana ya kutoa hesabu. Anajua anadaiwa, na anajua majina ya wanaomdai.

Katika waliosafiri 1960 alikuwemo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma biolojia Kansas. Wote tunamjua kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 na mamilioni ya miti. Lakini tarehe 5 Juni 1977 Nairobi, kazi ilipoanza, yeye na wenzake walipanda miti 7. Saba tu, pale Kamukunji. Mwanafunzi anayeona aibu kuandika "tulipanda miche 7, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwagilia" aikumbuke namba hiyo. Saba ya kweli inaaminika kuliko "maelfu" yasiyo na mashahidi.

Buffalo: ahadi ni deni

Nije sasa kwenye swali la nne, ukiongezewa utafanya nini. Hapa ndipo wengi tunapojikopesha tusichoweza kulipa.

Kwa skolashipu nyingine neno la kurudi nyumbani lina sheria nyuma yake. Fulbright, iliyoanza 1946, humleta mwanafunzi wa kigeni kwa viza ya J-1, na akimaliza anatakiwa akae nyumbani jumla ya miaka 2 kabla ya kuomba makazi ya kudumu au viza za kazi za aina fulani. Chevening ya Uingereza nayo inataka urudi kwa angalau miaka 2. Huko hakuna mjadala, soma masharti kabla ya kutia sahihi. Lakini fedha nyingine, kama zile za vyuo vyenyewe, zinauliza tu mipango yako, na kila mtu anaandika "nitarudi kuijenga nchi yangu" kwa sababu amesikia kwamba ndiyo kamati zinachopenda.

Mwaka huu nami ninaomba, fedha za mwaka wa mwisho wa tasnifu. Kabla ya kuja Marekani nilifanya kazi ya maji mkoani Singida. Katika visima 14 vya pampu za mkono nilivyovipima, 9 vilikuwa havitoi maji, na katika hivyo 9, vitano vilikuwa vimeshindwa kwa sababu ya mpira wa ndani ulioliwa na mchanga, kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Kwa hiyo utafiti wangu ni huo: kifaa cha bei ndogo kitakachoonyesha kwamba mpira unakaribia kuisha kabla pampu haijakauka. Marafiki wakaniambia, wewe andika utarudi moja kwa moja, nani atakufuata kukuuliza? Nikampigia mama simu. Nilitegemea aseme rudi. Akasema, "Mwanangu, kama kuna kazi huko, baki. Huku wenzako wana digrii na wanaendesha bodaboda."

Nilikaa na maneno ya mama siku nyingi. Nina miaka 30, sijui kwa hakika nitakuwa wapi nikiwa na 35, na sikutaka kuandika jambo nisilolijua kana kwamba nalijua. Ahadi ni deni, hata kama mwenye kuidai hayupo. Basi nikaandika deni ninaloweza kulilipa popote nitakapokuwa. Kwamba kabla ya kukabidhi tasnifu nitakwenda Singida miezi mitatu kuvipima tena visima vile vile 14. Kwamba mchoro wa kifaa utakuwa wazi kwa yeyote, na maelezo yake yatakuwa kwa Kiswahili, ili fundi wa pampu wa kijijini ayasome bila mkalimani. Na nikasema waziwazi kwamba ninatafuta nafasi ya kufundisha nyumbani, na kwamba nafasi hizo ni chache. Nilipomaliza niliona insha imekuwa fupi, lakini hakuna mstari ambao ningeona haya mtu akinishika nao Singida stendi.

Majibu bado. Mtanisamehe, siwezi kuwaambia kwamba njia hii inapata fedha kila mara. Wapo waliotoa hesabu safi wakanyimwa, kwa kuwa waombaji ni wengi na mafungu ni machache. Ninachojua ni kwamba aliyenyimwa akiwa na hesabu safi anaweza kuipeleka kwingine kesho yake bila kubadilisha ukweli.

Na msiogope kwamba ahadi ndogo itaonekana dhaifu. Hapa jirani yetu kuna maporomoko ya Niagara. Novemba 1896 umeme wake ulipofika Buffalo, umbali wa zaidi ya kilomita 30, dunia nzima ilishangaa. Kazi yake ya kwanza mjini ilikuwa nini? Kuendesha tramu. Wahandisi wale hawakuahidi kuiwasha dunia, waliahidi tramu zitembee, zikatembea.

Mambo machache ya mezani

Kabla sijamaliza, haya ni ya kubandika ukutani.

Kwanza, soma swali mara tatu. Fulbright wanataka insha mbili tofauti, moja ya masomo unayokusudia na nyingine ya habari zako. Usiandike kitu kimoja mara mbili. Chevening wanauliza uongozi kivyake na mpango wa kazi kivyake. Na wale wadogo zetu waliokulia hapa wenye uraia au kadi ya kijani, wakumbuke kuna fedha ambazo sisi wa viza ya mwanafunzi haturuhusiwi kuziomba, kama ile ya uzamili na udaktari ya NSF kwa watu wa sayansi na uhandisi. Msiziache zipite mkidhani ni za Wamarekani wengine.

Pili, weka namba, na uzieleze. Debe, ekari, shilingi laki tatu, msomaji wa Ohio hazijui. Mwambie laki tatu ni mshahara wa nani kwa muda gani.

Tatu, usibebe Afrika nzima mgongoni. Taja wilaya, mto, darasa, wodi. Bara letu lina nchi zaidi ya 50, na kamati haijakuteua kuwa msemaji wake.

Nne, anayekuandikia barua ya mapendekezo mpe hesabu yako mwezi mzima kabla, kwa maandishi. Mwalimu aliyefundisha watu mia mbili hakumbuki kwamba wewe ndiye uliyetengeneza ile mashine ya maabara. Barua yake na insha yako zikikubaliana, hiyo ni risiti.

Tano, siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazokuandikia insha kwa dakika moja. Kwa kusahihisha sarufi sina ugomvi nazo, mradi masharti ya skolashipu yanaruhusu. Lakini haikuwepo jikoni Louisville wala mtoni Kitui. Haijui kuhusu kalenda wala chuma. Itakuletea "shauku" na "uthabiti", yaani ngoma ile ile ya sifa niliyoianza nayo, na mwenzako naye italetea hiyo hiyo.

Sita, mpe mtu asiye wa fani yako aisome kwa sauti. Akikwama, wewe ndiye uliyekwama. Na usimpe siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, tafadhali sana, hapo nasema kwa niaba ya wote wenye simu kama yangu.

Ndugu zangu, wengi wetu tuko huku kwa sababu kuna watu waliuza ng'ombe, walichanga ada, walitunyamazia mambo yao ili tusome. Hao wamefanya sehemu yao. Tukikaa kuandika, tuwataje kwa heshima kwenye mstari wa kwanza, halafu tufungue kurasa zinazofuata tuonyeshe tulivyotumia. Nawatakia wote wanaoomba mwaka huu kila la kheri. Naomba kuwasilisha.